Mtani Aliyekuja na Kalamu

Pale lilipo duka la saruji sasa hivi, ukitoka stesheni ya Tabora kuingia mjini, palikuwa na karakana. Ilikuwa mali ya shirika la umma lililokuwa likinunua asali na nta vijijini na kuvipeleka pwani kwa treni. Kazi zake zilikuwa mbili tu: kutengeneza mizinga ya mbao ya kugawiwa wafuga nyuki, na masanduku ya kusafirishia nta. Kaka yangu ndiye aliyekuwa msimamizi. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika hilo hilo, na dirisha langu lilitazamana na mlango wa karakana. Kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyapiga chapa kwa vidole vyangu. Asiyetaka kuamini na asiamini, mimi sina haja ya kumbembeleza mtu.

Kaka ndiye aliyenilea. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, na kaka akanisomesha hadi kozi ya kupiga chapa kwa fedha za milango na vitanda alivyotengeneza jioni, kazi ikishaisha. Tulikaa nyumba ya shirika, nyuma ya karakana, yeye na mkewe na watoto wao na mimi. Karakana ikifungwa, ajira yake inakwenda na nyumba inakwenda. Kila mtu alilijua hilo, ila hakuna aliyelifikiria. Nani atafunga karakana ya watu wanaofanya kazi?

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, kila kitu kikipewa shirika lake na kila shirika likipewa idara zake. Shirika letu lilikuwa na idara ya usafiri, idara ya kushona magunia, hadi idara ya kufuga mbuzi kwa ajili ya sikukuu. Makao makuu wakashtuka. Wakaamua ufanyike utafiti, kila tawi, kila idara: kazi hii tuendelee kuifanya wenyewe, au tuitoe nje? Kutoa nje, ndivyo walivyosema. Si kwa mtu binafsi, wee! Huo ungekuwa ubepari. Ni kwa shirika lenzetu, au kwa ushirika wa mafundi, popote penye unafuu.

Mimi sisemi swali lilikuwa la kijinga. Kuuliza si ujinga. Karakana ilikuwa na matatizo yake: misumari ikichelewa kuletwa, mafundi walikaa wakipiga soga, na mara nyingine nta ilirundikana stoo ikisubiri masanduku. Angekuja mtu akauliza vizuri, akajibiwa vizuri, huenda angeandika lile lile aliloandika. Hilo nimelitafakari miaka mingi na bado sina jibu.

Mtafiti alishuka kwenye treni ya asubuhi. Kijana mwembamba, suti ya mikono mifupi, viatu vyeusi vilivyong'aa hata baada ya vumbi letu. Alikuwa na adabu, hilo simnyimi. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamsubiri kila mmoja aitikie marahaba. Kaka akamkaribisha kiti, akamuuliza swali ambalo kila mwenyeji humuuliza mgeni.

"Kwenu wapi, bwana mdogo?"

"Mimi Mtanzania, mzee."

Wakatikisa vichwa. Enzi zile ndivyo tulivyofundishwa kujibu, na kumuuliza mtu kabila lake kulionekana ushamba, kama si dhambi. Lakini wakati wa chai kijana akasahau somo. Mtunza stoo alimuuliza kama mvua zimenyesha kwao, naye akasema bibi yake amemwandikia kwamba Kisarawe zimenyesha vizuri.

Kisarawe! Mafundi walitazamana. Halafu mmoja akagonga nyundo kwenye ubao, na wote wakaanza kugonga, karakana nzima ikawa kelele tupu.

"Mzaramo! Jamani, tumeletewa Mzaramo!"

Nieleze kidogo kwa watoto wa siku hizi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka huku hadi pwani, na mwisho wa safari walipita Uzaramo. Huko walipigana, wakaoana, wakazikana, na yakaisha kwa kuwa watani. Mtani wako unamtukana mbele ya mkwewe na hawezi kukasirika. Unachukua kuku wake na hasemi kitu. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuchekea msibani, na pasipo yeye msiba haukamiliki. Kwa hiyo tangu dakika ile hakuna fundi ambaye angeweza kumjibu yule kijana sawasawa. Kumjibu sawasawa kungekuwa kumnyima heshima yake, kumfanya mtu baki.

Yeye hakujua. Alipelekwa shule ya bweni ya mapadri angali mdogo, kisha akaenda Ulaya kusomea mambo ya biashara. Utani kwake ulikuwa kitu cha bibi yake na matanga. Basi akafungua daftari, akaanza.

Nilikuwa dirishani. Nilisikia yote.

"Kazi mnaanza saa ngapi?"

"Tukishaamka."

"Na mnaamka saa ngapi?"

"Inategemea. Tunalala hapa hapa kwenye maranda. Jua likituchoma miguu tunageuka upande wa pili."

Akaandika. Mafundi wakafurahi mno. Mtani anayetukanwa kisha anatabasamu na kuandika! Walidhani wamepata bingwa. "Mzaramo huyu ana kifua," mmoja alimnong'oneza mwenzake, na wakazidisha.

"Masanduku mengine yanapotea. Yanakwenda wapi?"

"Tunakula. Mnyamwezi hakuachii ubao uliogusa asali."

"Mnakula?"

"Na misumari tunatafuna, inasaidia meno."

Nakumbuka alisita hapo, akafuta kitu, akaandika kingine. Nadhani misumari hakuiamini. Lakini kulala aliamini, maana kila fundi aliyemuuliza alimwambia analala, na huko alikosomea walimfundisha kwamba wengi wakisema jambo moja, jambo hilo ni kweli.

Mwisho akamfikia kaka. Akamuuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayetaka ushauri, ni nini kifanyike kuhusu karakana ile. Kaka alikuwa ameegemea meza yake ya kazi, penseli sikioni. Akavuta pumzi kama mtu mwenye huzuni kubwa.

"Mwanangu, sisi tumechoka. Hii kazi toeni, wapeni watu wa pwani. Waje wafanye wao, sisi tulale. Ila nakuonya, ukimpa Mzaramo mbao, kesho yote imekuwa ngoma."

Mafundi waliangua kicheko hadi mmoja akashika tumbo. Mtafiti naye akacheka kidogo, kwa adabu. Akaandika.

Baada ya siku chache akaniletea taarifa yake niipige chapa. Niliikuta huko katikati, baada ya habari za magari na mbuzi: "Wafanyakazi wenyewe wamekiri kuwa sehemu kubwa ya muda wa kazi hutumika kwa kulala. Msimamizi wa karakana, kwa uwazi wa kupongezwa, amependekeza kazi hii itolewe na kupewa watu wa Pwani."

Mikono yangu ilisimama juu ya mashine. Nikainuka na karatasi zake hadi alipokuwa amekaa.

"Ndugu, haya uliyoandika hapa ni utani."

Akatazama, akasoma, akanirudishia. "Dada, nimewahoji mmoja mmoja. Wote wamesema hivyo hivyo."

"Wamesema hivyo kwa sababu wewe Mzaramo."

Alinitazama kama nimemwambia kitu cha aibu. "Dada yangu, mambo ya ukabila tumeshayaacha. Hii ni kazi ya umma. Mtu mzima hawezi kufanya utani juu ya kazi ya umma."

"Hawezi? Basi nenda kamuulize tena kaka yangu, lakini umwambie kwanza kwamba hutanii."

"Huyo ni kaka yako?" Akasema kwa upole ambao ulinitia hasira kuliko tusi: "Basi naelewa."

Alielewa nini? Alielewa kwamba namtetea ndugu yangu. Nikaenda kwa meneja wa tawi. Meneja alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwoga wa makao makuu kama sisi sote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi sina utani na kabila lolote la huku, siwezi kuwa shahidi. Na nikiandika barua makao makuu kwamba watu wangu walimtania mtafiti, tawi zima litaonekana la wahuni. Piga chapa, mama." Nikapiga. Ukikataa, anaitwa mwingine.

Jioni nikamwambia kaka. Alikuwa anakula. Alicheka hadi ugali ukamkwama, mkewe akampiga mgongoni.

"Ameandika hivyo? Kwa uwazi wa kupongezwa? Loo, huyu kijana mtani kweli kweli! Amerudisha utani."

"Kaka, hajarudisha. Ameamini."

"Hakuna Mzaramo wa kuamini hayo. Subiri, wakisoma huko Dar watacheka, kisha watatuletea misumari."

Sikuweza kumtoa hapo. Kwake lilikuwa jambo lisilowezekana, kama mtu kukwambia jirani yako hajui kwamba maji yanalowesha.

Barua ilikuja masika yakikaribia. Masanduku yatatengenezwa na kiwanda cha shirika lenzetu huko Dar es Salaam, mizinga hali kadhalika, na mashine za karakana zihamishiwe huko. Mafundi walishauriwa kujiunga na vijiji vya ujamaa. Nyumba za shirika zirudishwe. Kaka aliisoma kwa sauti mbele ya watu wake, akafika mwisho, akaikunja.

"Mzaramo ametupiga bao," alisema.

Walicheka. Naapa walicheka, nilikuwa pale. Kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Mzee mmoja akachukua ufagio, akaanza kufagia maranda.

Mimi niliumia, nasema wazi. Nilimchukia yule kijana chuki ambayo sikuwahi kumchukia mtu, na nilimkasirikia kaka pia kwa kutokasirika. Siku ya kuhama, mke wa kaka alikaa juu ya kitanda kilichofungwa kamba, nje ya nyumba ile, akilia. Nikamwambia kaka, sasa basi, mlaani japo mara moja, roho zetu zitulie. Akanijibu bila kunitazama, akifunga meza yake ya kazi kwenye mkokoteni.

"Nikimkasirikia mtani, nitakuwa nimesema kwamba niliyomwambia yalikuwa kweli. Mimi sikulala kazini, mdogo wangu. Shika upande huo."

Alifungua kibanda chake njiani, upande wa Kitete, akatengeneza vitanda, madirisha, meza za wanafunzi wa seminari ya Kipalapala. Hata lile jeneza la msikiti wetu, linalobeba kila mtu na kurudi, ni mkono wake. Hakulala njaa, lakini hakuwa tena na mafundi wa kuwasimamia, na mgongo wake uliinama mapema. Mimi niliendelea na kazi ofisini, ndiyo maana najua yaliyofuata. Mbao zilikatwa misitu yetu hii hii, zikapakiwa stesheni yetu kwenda Dar, zikarudi kwa reli hiyo hiyo zimekuwa masanduku. Zilipochelewa, nta ilisubiri stoo kama zamani. Zilipowahi, haikusubiri. Mizinga ilikuwa mizuri, lazima niseme. Nyuki hawakulalamika.

Miaka ilipita, na yule mtafiti akahamishiwa Tabora, ofisi ya mkoa. Nilimwona mwenyewe kibandani kwa kaka, nilipokwenda kupeleka chakula. Alikuwa ameota kitambi na ameanza kukatika nywele. Amesimama juani, hajaingia.

Alikuwa anasimulia. Alisema siku moja, huko kwao, alimpa baba yake mdogo mfano wa wafanyakazi wakweli aliowahi kuwaona, watu wa Tabora waliokiri wenyewe kwamba wanalala. Mzee wake akamuuliza, "Hao ni Wanyamwezi?" Akajibu ndiyo. "Na wewe ukaandika?" Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaacha kucheka ghafla, akamuuliza wale watu wako wapi sasa. Alisema hapo ndipo alipoandika makao makuu kusahihisha, lakini mashine zilishafungwa Dar, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Radhi!" Kaka aliweka msumeno chini. "Mtani anaomba radhi? Nani alikufundisha? Ningesikia umekuja na ngoma uliyotengeneza kwa mbao zangu, ningekuelewa. Kaa hapo." Akanigeukia. "Mletee mgeni maji."

"Maji hamna," nilisema.

Bomba lilikuwa nyuma yangu, likidondoka. Wote wawili walilisikia. Niliweka chakula cha kaka mezani, nikaondoka.

Toka hapo ikawa desturi. Kila alipopita njia ile, kaka alimpigia kelele toka kibandani, "Watu wa pwani! Kazi mmeimaliza au nije niwaamshe?" Mwanzoni alitabasamu tu. Baadaye akajifunza kujibu. Nilisikia watu wakisema anajibu vizuri, kwamba siku moja alichukua kiti kizima cha kaka, akaondoka nacho kichwani mchana kweupe, na kaka akacheka wiki nzima. Walikuja wakapendana, hilo sikulitaka lakini lilitokea. Mimi nilikutana naye njiani mara nyingi. Alinisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Mdomo wangu haukufunguka. Watu wanasema Tabora ni mji mdogo, ila ukiamua kutosema na mtu unatosha kabisa.

Kaka alifariki kiangazi, kwa kifua, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ilipofika saa ya kumtoa, alikuwa amekwisha oshwa na kuvikwa sanda, yuko ndani ya lile jeneza alilolitengeneza mwenyewe, katikati ya sebule. Wanawake tulikuwa uani na ukumbini. Wanaume waliinama kuinua. Hawakuweza kutoka.

Mlangoni alisimama yule mtafiti. Alikuwa amevaa suti yake na juu yake amefunga aproni ya kaka, ile ya turubai, yenye gundi na rangi. Penseli sikioni. Maranda alikuwa amejimwagia kichwani. Ameshika miimo ya mlango huku na huku.

"Hapiti mtu," alisema.

Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Watani wengine nyuma yake wakagonga vibao. Shekhe akatazama chini na kusubiri, maana hata yeye ni mwenyeji wa mji huu.

"Mnyamwezi huyu," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mnyamwezi huyu aliniita mwenyewe. Alisema kazi tupeni watu wa pwani, yeye alale. Nikaandika! Nikapeleka! Mkanicheka nchi nzima. Haya, nimekuja, yeye huyo amelala. Sasa nataka kuonyeshwa kazi. Wala sitaki hela zenu za kufunguliwa njia. Anionyeshe dada yake, yule mwenye maji yaliyokauka."

Watu wote waligeuka wakanitazama.

Nilijua alichokuwa akifanya. Ningemtukana kwa hasira, au ningenyamaza, angetoka mlangoni mwenyewe, maana si mtu mbaya. Kaka angekwenda kaburini na jambo lile lingebaki vile vile, taarifa iliyoandikwa. Ningemjibu kiutani, basi limekwisha, siwezi kulidai tena. Nilikuwa nimelishika miaka yote ile. Nilimtazama kaka, miguu yake ilifika mwisho kabisa wa jeneza. Alilipima kwa watu wafupi kuliko yeye.

"Kazi ndiyo hiyo hapo, Mzaramo," nilisema. "Ibebe. Na zile mbao, zikirudi msikitini zimekuwa ngoma, utanijua."

Kelele iliyotoka uani pale sijawahi kuisikia tena msibani. Yeye hakucheka. Aliachia miimo, akaja, akainama, akashika mpini wa mbele upande wa kulia, na maranda yakadondoka kutoka kichwani mwake juu ya sanda. Hakuna aliyeyapangusa. Wakatoka.

Sisi wanawake hatwendi makaburini. Tulifagia, tukakoka moto. Waliporudi, yeye alikuwa wa mwisho, viatu vyake vyeusi vimejaa udongo na mikono pia. Nikafungua bomba, nikajaza kata, nikammiminia maji anawe.